Muda na baridi: Jinsi figo inavyohifadhiwa kabla ya kupandikizwa

Wavuvi na wachuuzi wa samaki katika fuo za Muhuru Bay na Sori, Kaunti ya Migori, pamoja na wenzao wa Mbita na mji wa Homa Bay, wanaijua vyema kazi ya barafu. Mbuta akishatolewa majini, saa huanza kuhesabiwa. Asipowekwa kwenye barafu mapema, huanza kuharibika, na thamani yake hushuka hata kabla gari la mnunuzi halijafika ufuoni.

Kanuni hiyo ya muda na baridi ndiyo inayotawala pia figo iliyotolewa mwilini mwa mtu mmoja ili ipandikizwe katika mwili wa mwingine. Hata hivyo, kuna tofauti moja kubwa. Samaki amekwisha kufa, na anaweza kugandishwa hadi akawa mgumu kama jiwe bila mlaji kupata hasara. Figo inayosubiri kupandikizwa sharti ibaki hai. Ikigandishwa kama samaki, haitafanya kazi tena.

Jinsi madaktari wanavyoiweka hai nje ya mwili, na kwa saa ngapi, ni suala linalowagusa wakazi wa kaunti hizi mbili kuliko inavyodhaniwa. Jibu lake ndilo linaloamua kama figo inaweza kusafiri, au kama ni lazima watu wasafiri kuifuata.

Mgonjwa na umbali

Figo za binadamu ni mbili, kila moja ikiwa na uzito wa takriban gramu 150 na vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Kila dakika, figo hupokea takriban sehemu moja kwa tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Kazi yake ni kuchuja uchafu, kusawazisha maji na chumvi mwilini, na kusaidia kudhibiti shinikizo la damu.

Figo zinapofeli kabisa, mgonjwa hubaki na njia mbili za kuendelea kuishi: kusafishwa damu kwa mashine, au kupandikizwa figo ya mtu mwingine.

Huduma ya kusafisha damu imewafikia wakazi wa eneo hili. Kabla ya mpango wa serikali wa kukodisha vifaa vya matibabu, uliozinduliwa mwaka 2015, wagonjwa wengi wa mashambani walilazimika kusafiri hadi miji mikubwa kutafuta mashine hizo. Leo, Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Migori na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kaunti ya Homa Bay zina vitengo vya figo.

Hata hivyo, mashine hiyo haitibu. Inafanya sehemu tu ya kazi ya figo, na mgonjwa hulazimika kurudi kwake kila wiki, kwa kawaida mara mbili au tatu, akikaa takriban saa nne kila mara. Mkulima, mvuvi au mwalimu anayeishi kwa utaratibu huo hupoteza siku nzima za kazi, nauli na nguvu. Upandikizaji ukifaulu, humwondoa kwenye mashine, ingawa atameza dawa za kutuliza kinga ya mwili muda wote figo hiyo itakapokuwa ikifanya kazi.

Upandikizaji wenyewe hufanyiwa mbali. Kwa upande wa hospitali za umma, majina yanayotajwa zaidi ni Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret. Msafiri wa basi kutoka Migori hadi Nairobi, kupitia Kisii na Narok, hutumia siku nzima barabarani.

Damu inapokatika

Ili kuelewa ugumu wa kuhifadhi figo, ni vyema kuanza na kinachotokea ndani yake mara tu mshipa unaoiletea damu unapofungwa.

Kila seli ya figo huhitaji oksijeni na chakula ili kutengeneza nishati. Sehemu kubwa ya nishati hiyo hutumiwa kuendesha pampu ndogo zilizo kwenye kuta za seli. Pampu hizo hutoa chumvi ya sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Damu ikikatika, oksijeni huisha, nishati hupungua na pampu husimama. Sodiamu hujaa ndani ya seli na kuvuta maji. Seli huvimba, asidi hurundikana, na hatimaye kuta zake hupasuka.

Figo ikiwa bado katika joto la kawaida la mwili, nyuzi 37, madhara hayo huanza kuonekana baada ya takriban nusu saa, na huongezeka kwa kasi saa moja ikipita. Wataalamu huuita muda huo wa ukosefu wa damu katika hali ya joto, na ndio unaoogopwa zaidi.

Historia ina mfano wa wazi. Mwaka 1933, daktari wa upasuaji Yurii Voronoy alipandikiza figo ya marehemu kwa mgonjwa mjini Kherson, nchini Ukraine. Huo ndio upandikizaji wa kwanza unaojulikana wa figo kutoka kwa binadamu hadi kwa binadamu. Figo hiyo ilitolewa saa kadhaa baada ya mwenyewe kufariki, na makundi ya damu hayakulingana. Mgonjwa alifariki baada ya siku mbili.

Upandikizaji uliofaulu kwa muda mrefu ulifanyika mjini Boston, Marekani, Desemba 23, 1954. Dkt Joseph Murray na wenzake walichukua figo ya Ronald Herrick na kumpa pacha wake, Richard. Kwa vile walikuwa pacha wa kufanana, mwili haukuikataa figo hiyo. Na kwa kuwa wote wawili walikuwa hospitali moja, figo haikuhitaji kuhifadhiwa kwa muda mrefu. Murray alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1990.

Kwa nini baridi husaidia

Joto linaposhuka, shughuli za seli hupungua. Kwa makadirio ya kitaalamu, kila nyuzi 10 zinazopungua hupunguza kasi ya shughuli hizo kwa takriban nusu. Figo iliyopozwa hadi nyuzi 4 hutumia sehemu ndogo tu ya nishati iliyotumia ikiwa mwilini. Baridi haizuii kifo cha seli, bali hukichelewesha.

Ndiyo sababu figo haifungwi tu kwenye mfuko na kutupwa ndani ya barafu. Kwanza, daktari huingiza mrija katika mshipa wake mkuu wa ateri na kupitisha maji maalumu yenye baridi. Maji hayo husukuma damu nje, ili isigande ndani ya mishipa midogo, na hupoza figo kutoka ndani kwenda nje. Kazi hiyo huendelea mpaka maji yanayotoka upande wa pili yawe meupe, bila rangi ya damu, na figo yenyewe iwe imebadilika kutoka wekundu hadi rangi ya kijivu iliyopauka.

Baadaye figo hutiwa katika mfuko safi usio na vijidudu, ukiwa umejaa maji hayo hayo. Mfuko huo huwekwa ndani ya mfuko wa pili na aghalabu wa tatu, kisha yote huingizwa katika kasha lenye barafu. Figo hairuhusiwi kugusa barafu moja kwa moja, kwa sababu sehemu itakayogusana nayo inaweza kuganda. Maji yanapoganda ndani ya seli huunda chembe zenye ncha kali zinazotoboa kuta zake. Hapo ndipo mfano wa mbuta unapofika kikomo.

Juu ya kasha huandikwa kundi la damu la mtoaji, kama figo ni ya kulia au ya kushoto, na saa ambayo mzunguko wa damu ulikatizwa. Saa hiyo ndiyo itakayofuatwa na kila atakayelishika kasha hilo.

Maji yasiyo ya kawaida

Maji yanayotumika si maji ya chumvi ya kawaida. Mwaka 1969, Geoffrey Collins na wenzake nchini Marekani walieleza mchanganyiko wenye potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, yaani unaokaribiana na hali ilivyo ndani ya seli. Kwa kuwa pampu za seli zimesimama, mchanganyiko huo hupunguza msukumo wa chumvi kuingia na kutoka. Kwa njia hiyo, waliweza kuhifadhi figo za mbwa kwa saa 30 kwa kutumia baridi tu.

Katika miaka ya 1980, Folkert Belzer na James Southard wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walitengeneza mchanganyiko ulio bora zaidi. Waliongeza vitu vyenye molekuli kubwa ambazo haziingii kwa urahisi ndani ya seli, na hivyo huzuia maji yasiingie na kuzivimbisha. Pia walitia viungo vya kupunguza madhara ya oksijeni inaporejea ghafla, kwani damu inaporudi katika figo iliyokosa hewa kwa muda, oksijeni hiyo hiyo inayoponya huzalisha kemikali zinazounguza seli.

Kwa kutumia michanganyiko ya aina hii, figo huweza kuhifadhiwa kwa saa 24, na wakati mwingine hadi 36. Moyo hauvumilii zaidi ya saa nne hadi sita hivi, na ini huvumilia takriban saa 12. Katika viungo vikuu vinavyopandikizwa, figo ndiyo yenye subira kubwa zaidi.

Hata hivyo, subira hiyo ina gharama. Kila saa inayoongezeka huzidisha uwezekano wa figo kuchelewa kuamka baada ya kupandikizwa. Mgonjwa wa aina hiyo hulazimika kuendelea kusafishwa damu kwa siku au wiki kadhaa huku akisubiri mkojo uanze kutoka.

Mashine badala ya kasha

Njia ya pili ni kuiunganisha figo na mashine ndogo inayosukuma maji baridi ndani ya mishipa yake muda wote wa safari. Belzer alikuwa mmoja wa waasisi wa njia hiyo. Mwaka 1967, akiwa San Francisco, aliripoti kuhifadhi figo za mbwa kwa saa 72.

Utafiti mkubwa uliofanyika Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani, na kuchapishwa mwaka 2009, ulilinganisha njia hizo mbili kwa namna ya haki. Kutoka kwa kila mmoja wa marehemu 336, figo moja iliwekwa kwenye mashine na ya pili kwenye barafu. Miongoni mwa wagonjwa 336 waliopata figo za mashine, 70 walihitaji kusafishwa damu katika wiki ya kwanza. Kwa figo za barafu walikuwa 89. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 94 ya figo za mashine zilikuwa zikifanya kazi, ikilinganishwa na asilimia 90 za barafu.

Mashine, basi, ina faida, lakini ni ghali na huhitaji mafundi. Kasha la barafu, maji sahihi na saa ya ukutani bado hutumika katika sehemu nyingi za dunia.

Hali ilivyo Kenya

Katika hospitali za Kenya, figo zinazopandikizwa hutolewa na watu walio hai, hasa jamaa wa mgonjwa. Mtoaji na mpokeaji hulazwa katika hospitali moja. Figo inapotolewa, husafishwa kwa maji baridi katika bakuli lenye barafu, kisha hupelekwa kwa mgonjwa, mara nyingi katika chumba jirani cha upasuaji. Muda wa baridi huwa mfupi sana ukilinganishwa na saa 24 zinazowezekana.

Kwa figo yenyewe, hali hiyo ni bora, kwani figo ya mtu aliye hai huamka mapema na hudumu zaidi. Mzigo huangukia familia. Ndugu kutoka Rongo au Kendu Bay anayetaka kumpa dada yake figo hulazimika kusafiri mara kadhaa kwa vipimo, kulazwa, na kupumzika wiki kadhaa kabla ya kurejea kazini. Vipimo navyo vinaweza kuonyesha kwamba hafai.

Suala la vipimo lina uzito wa pekee katika eneo hili. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa asilimia 19.6 ya watu wazima katika Kaunti ya Homa Bay walikuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi, na takriban asilimia 13 katika Migori. Virusi hivyo visipodhibitiwa vinaweza kuharibu figo. Kwa miaka mingi, mtu mwenye virusi alihesabiwa kuwa hafai kutoa figo wala kupokea.

Afrika Kusini ilionyesha kwamba kuna njia nyingine. Kuanzia mwaka 2008, Dkt Elmi Muller na wenzake katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, walipandikiza figo za marehemu waliokuwa na virusi kwa wagonjwa waliokuwa navyo pia. Matokeo ya wagonjwa 27 yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa figo hizo zilifanya kazi vizuri kwa miaka kadhaa. Tayari mwaka 2013 Marekani ilikuwa imebadilisha sheria yake ili kuruhusu utafiti wa namna hiyo.

Figo za marehemu

Uhifadhi wa saa nyingi huwa na maana kubwa zaidi pale figo zinapotoka kwa marehemu. Ajali hutokea bila kupangwa, na anayelingana na figo huenda yuko umbali wa mamia ya kilomita. Kwa saa 24, figo iliyopatikana Nairobi ingeweza kumfikia mgonjwa Kisumu au Eldoret, na mgonjwa wa Migori angekuwa na muda wa kuitwa, kusafiri na kupimwa.

Barafu pekee haiwezi kuleta mpango huo. Kunahitajika vyumba vya wagonjwa mahututi, madaktari wa kuthibitisha kuwa ubongo umekufa, maabara ya kulinganisha seli za mtoaji na mpokeaji usiku na mchana, orodha ya kitaifa ya wanaosubiri, na utaratibu wa idhini usio na shaka. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inagusia utoaji wa viungo na kusisitiza idhini, lakini kifungu cha sheria hakipandikizi figo bila vifaa na watu.

Kuna pia suala la mila. Kwa jamii nyingi za ukanda wa ziwa, kumzika marehemu nyumbani kwao kwa heshima ni jambo zito. Kesi ya mazishi ya wakili S.M. Otieno mwaka 1987, iliyofuatiliwa na taifa zima hadi akazikwa Nyalgunga, Siaya, ilionyesha uzito huo. Familia inayoombwa figo ya mpendwa wao ina haki ya kujua kwamba upasuaji huo hufanywa kama upasuaji mwingine wowote, jeraha hushonwa, na mwili hurejeshwa kwao kwa mazishi.

Majirani nao wamepiga hatua. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili jijini Dar es Salaam ilifanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma ikafuata mwaka 2018. Uganda ilipitisha sheria ya utoaji na upandikizaji wa viungo mwaka 2023, na Desemba mwaka huo Hospitali ya Mulago ikafanya upandikizaji wake wa kwanza. Nchi hizo pia zilianza na watoaji walio hai.

Hatari ya biashara

Palipo na uhaba, walanguzi hujipenyeza. Aprili 2025, Wizara ya Afya ilisimamisha huduma za kupandikiza figo katika hospitali moja ya kibinafsi mjini Eldoret kufuatia madai ya biashara ya viungo, na kuunda kamati ya wataalamu kuchunguza. Vijana wasio na kazi ndio hulengwa zaidi na wanunuzi wa figo popote duniani.

Mtoaji halali hupimwa kikamilifu, huelezwa hatari zote, hupewa nafasi ya kubadili nia hadi dakika ya mwisho, na hufuatiliwa afya yake baadaye. Anayeahidiwa pesa hukosa mambo hayo. Akibaki na figo moja na shinikizo la damu lisilotibiwa, huenda siku moja akaketi kwenye mashine ile ile aliyomwondoa mwenzake.

Ndoto ya kugandisha

Watafiti hawajakata tamaa na wazo la kuhifadhi figo kwa wiki au miezi. Mwaka 2023, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walitangaza kuwa walihifadhi figo za panya kwa hadi siku 100. Walitumia kemikali za kuzuia chembe za barafu na kuzipoza kwa kasi hadi zikawa kama kioo. Baadaye walizipasha joto kwa chembechembe ndogo za chuma zilizosisimuliwa kwa sumaku, wakazipandikiza, nazo zikafanya kazi. Figo ya binadamu ni kubwa mara nyingi zaidi, na ni vigumu kuipasha joto sawasawa bila kuipasua. Njia hiyo bado haijafika hospitalini.

Wakati huo ukisubiriwa, yapo yaliyo karibu. Shinikizo la damu na kisukari, ambayo ni miongoni mwa visababishi vikuu vya figo kufeli, hupimwa kwa dakika chache katika vituo vya afya. Uharibifu wa mapema hauna maumivu, na wengi hufika hospitalini figo zikiwa zimekwisha kuchoka.

Kwa familia ambayo tayari ina mgonjwa, hatua ya kwanza ni kumuuliza daktari wa kitengo cha figo, iwe Migori au Homa Bay, mapema kabla mgonjwa hajadhoofika: je, anafaa kupandikizwa, nani kati ya jamaa anaweza kupimwa, na hospitali gani iliyoidhinishwa itamhudumia. Maswali hayo yakiulizwa mapema, ndugu hupata nafasi ya kupimwa na kujiandaa bila papara.